Teurai Ropa, Binti wa Mount Darwin

Kwa Kishona, Teurai Ropa ni amri, tena amri kwa watu wengi: mwageni damu. Binti aliyeingia vitani na jina hilo alikuwa na miaka 18 na elimu ndogo ya sekondari, na kwao alikuwa akiitwa Runaida Mugari. Miaka 30 na ushei baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Zimbabwe, na dunia ikimjua kama Joice Mujuru: jina la kizungu likifuatiwa na jina la mume. Wapigania uhuru wengi wa kusini mwa Afrika walikuwa na majina mawili matatu, ya nyumbani na ya msituni, na hilo si la ajabu. Kinachonirudisha kila mara kwenye historia ya mwanamke huyu ni jambo jingine. Cheo chake cha kwanza alikipata porini, kwa bunduki, kabla hajaolewa na kabla jina lake halijafika kwenye kikao chochote cha wakubwa. Vyeo vyote vilivyofuata alipewa. Na siku vilipotakiwa kurudishwa, waliokuja kuvichukua hawakusahau kukigusa hata kile cha kwanza.

Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1955 wilayani Mount Darwin, kaskazini mashariki ya nchi ambayo wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kusini. Hiyo ni nchi ya Wakorekore, tawi la Washona, mahali ambapo uwanda wa juu unakatika na ardhi inaporomoka hadi bonde la Zambezi lenye joto kali na mbung'o. Ukivuka mpaka uko Tete, Msumbiji. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kuigawa nchi kwa rangi ya ngozi. Walowezi wachache walipata mashamba yenye mvua na udongo mwekundu. Waafrika, waliokuwa wengi kupindukia, walisukumwa kwenye maeneo ya kichanga ambako mahindi hayakomai vizuri hata mwaka wa neema. Ian Smith, mkuu wa serikali ya walowezi, alipojitangazia uhuru, tarehe 11 Novemba 1965, Runaida alikuwa mtoto wa miaka 10.

Upande ule wa nchi, habari ya mwanamke kusimama mbele ya vita haikuwa ngeni. Kila mtoto aliijua habari ya Nehanda, mzimu mkubwa wa Washona, ambaye kiti chake, mwanamke aliyeitwa Charwe, alinyongwa na serikali ya walowezi mwaka 1898 baada ya vita vya kwanza vya ukombozi, vile ambavyo Washona huviita Chimurenga. Wapiganaji wa ZANLA, jeshi la chama cha ZANU, walipoanza kupenya bonde la Zambezi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongoni mwa mambo ya awali waliyofanya ni kumtafuta bibi kizee aliyekuwa kiti cha Nehanda wakati huo. Wakamvusha mpaka hadi Msumbiji akae nao kambini, awaonyeshe miiko ya mwitu na kuwaombea njia. Bibi yule alifia huko mwaka 1973. Vijana waliokuwa wamefundishwa vita kwa vitabu vya Mao walimpigia magoti mwanamke mkongwe asiyejua kusoma, na hawakuona kinyaa. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye utasikia ikisemwa kwamba mila za Kishona hazimjui mwanamke mwenye amri.

Usiku wa tarehe 21 Desemba 1972, kikosi kidogo kilishambulia shamba la Altena, wilaya ya Centenary, jirani na Mount Darwin. Aliyekiongoza aliitwa Rex Nhongo, jina la msituni la Solomon Mujuru. Shambulio lenyewe halikuwa kubwa, lakini tangu usiku ule vita havikulala tena hadi mwisho wa mwaka 1979. Kwa watu wa kaskazini mashariki vita vilikuja mlangoni. Serikali ya Smith ilijibu kwa kufunga shule, kutwaa mifugo, na punde si punde kuwahamisha wanavijiji kwa maelfu na kuwaingiza ndani ya vijiji vilivyozungushiwa waya, wasipate kuwapelekea wapiganaji chakula.

Bunduki zile zilikuwa zimepita kwetu, Tanzania. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na kwa miaka mingi iliongozwa na Mtanzania, Hashim Mbita. Silaha zilishushwa bandarini zikasafirishwa kwa barabara kwenda kusini. Huko Mgagao, kwenye baridi ya nyanda za juu za Iringa, walimu wa Kichina waliwafundisha vijana wa ZANLA kutega mabomu na kuishi na wanakijiji kama samaki na maji. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwapa nafasi ya kutangaza, na huko Rhodesia watu walifunga milango usiku, wakapunguza sauti, wakasikiliza.

Lakini silaha ikishafika ukingo wa Zambezi, kulikuwa hakuna lori. Kuanzia pale mzigo ulikwenda kwa kichwa. Wengi wa waliobeba walikuwa wasichana: masanduku ya risasi, mabomu ya kutega ardhini, dawa, nguo, kwa mwendo wa usiku, siku nyingi, mchana wakijificha vichakani. Wengi wao waliingia vitani wakiwa wapagazi. Mafunzo ya silaha kwa wanawake yalikuja taratibu, na makamanda wengi waliyakubali kwa shingo upande, kwa sababu mpagazi asiyejua kujilinda alikuwa anapoteza mzigo. Katika kundi la awali kabisa la wanawake waliokabidhiwa bunduki alikuwemo yule binti wa Mount Darwin aliyeondoka nyumbani mwaka 1973.

Hapo ndipo panapokuja kisa cha helikopta. Kama kilivyosimuliwa kwa miaka mingi, Februari 1974 kikosi chake kilivamiwa kutoka angani. Wenzake wakatawanyika kutafuta maficho, yeye akakataa kukimbia, akainua bunduki na kuifyatulia helikopta ya jeshi la Rhodesia hadi ikaanguka. Alikuwa hajatimiza miaka 19. Kisa hicho kilimtangulia kila alikokwenda. Kilimfanya ajulikane kwa wapiganaji wasiowahi kumwona. Baadaye, kwa sababu zilizokuwa na uhusiano mdogo na helikopta, wapo waliosimama hadharani kukikana. Vita vya msituni havina daftari la mahudhurio, na risasi zikipigwa na watu kumi ni vigumu kusema ipi iliyoangusha ndege. Mimi nalishika lile lisilobishaniwa: ndani ya miaka michache msichana aliyeingia porini bila cheo alikuwa akifundisha wanaume kupigana, na wanaume wale walitii. Hakuna anayetii porini kwa sababu ya porojo.

Mwaka 1975 nusura uviue vita vyenyewe. Tarehe 18 Machi, Herbert Chitepo, mwenyekiti wa ZANU uhamishoni, aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake Lusaka. Zambia iliwakamata makamanda wa ZANLA karibu wote. Kiongozi wa chama, Ndabaningi Sithole, akapoteza imani ya wapiganaji. Maofisa waliokuwa Mgagao ndio waliovunja ukimya: mwishoni mwa mwaka ule waliandika tamko la kumkataa Sithole na kumtaja Robert Mugabe kuwa mtu wanayeweza kuzungumza naye. Rex Nhongo, aliyekuwa ameponyoka mkono wa polisi wa Zambia, alikuwa miongoni mwa waliowashawishi wapiganaji wamkubali mwalimu huyo ambaye hakuwahi kushika bunduki. Mugabe aliutegemea msaada wa makamanda kufika kileleni, na hakuwahi kuacha kuwaogopa.

Msumbiji ilikuwa imepata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na kambi zikahamia huko. Kubwa kuliko zote ilikuwa karibu na mji wa Chimoio, kwenye shamba lililoachwa na mlowezi wa Kireno. Ilikuwa makao makuu ya jeshi, na ilikuwa pia shule, hospitali, karakana na makazi ya maelfu ya wakimbizi, wengi wao watoto waliotoroka shule Rhodesia. Teurai Ropa, akiwa na miaka 21 au 22, alikuwa miongoni mwa makamanda wa hapo. Mwaka 1977 mambo mawili yalimtokea. Aliingizwa katika Kamati Kuu ya chama akiwa mdogo kuliko wajumbe wote, na kukabidhiwa idara ya masuala ya wanawake. Na aliolewa na Rex Nhongo.

Ndoa ile ilikuwa ya makamanda wawili. Lakini jinsi lugha inavyofanya kazi yake, tangu hapo alitajwa kwanza kama mke wa Nhongo, na sifa zake zikaanza kuhesabiwa kwenye daftari la mume. Ukisoma maandishi ya wachambuzi wa siasa za Zimbabwe utakuta msemo huo umeganda: nguvu za Joice zilitoka kwa Solomon. Tarehe zinakataa. Kisa cha helikopta kilitangulia ndoa kwa miaka mitatu.

Tarehe 23 Novemba 1977, asubuhi, watu wakiwa wamekusanyika kwenye gwaride, ndege za Rhodesia ziliishambulia Chimoio. Mabomu yalifuatwa na helikopta, na helikopta zikafuatwa na askari wa miamvuli wasiofika 200, ambao waliizunguka kambi na kufyatulia kila aliyejaribu kutoka. Siku mbili baadaye walishambulia Tembue, kaskazini zaidi. Waliokufa walizidi 1,000. Wengine walikuwa wapiganaji. Wengine walikuwa wagonjwa waliokuwa vitandani, na watoto waliokuwa wameshika kalamu. Walizikwa kwenye makaburi ya pamoja ambayo yapo hadi leo. Rhodesia iliitangaza siku ile kama ushindi mkubwa wa kijeshi. Teurai Ropa alinusurika.

Kuna jambo la kambi zile ambalo chama kilikaa nalo kimya kwa muda mrefu. Mei 1979 wanawake wa ZANU walifanya mkutano wao mkubwa mjini Xai-Xai, Msumbiji, na Teurai Ropa, kama mkuu wa idara yao, alikuwa sauti yao kuu. Maneno yaliyosemwa pale kuhusu usawa yalikuwa makali na mazuri. Lakini katika kambi hizohizo kulikuwa na makamanda wa kiume waliowaita wasichana usiku, na msichana hakuwa na pa kushitaki. Mwanahistoria Josephine Nhongo-Simbanegavi aliyaandika hayo kwa kutumia nyaraka za chama chenyewe. Filamu ya Ingrid Sinclair iitwayo Flame, ya mwaka 1996, ilipothubutu kuyaonyesha, polisi walizitwaa kanda zake kabla hazijakamilika na maveterani wakadai jeshi la ukombozi limetukanwa. Mwanamke aliyekuwa na mamlaka kuliko wenzake wote wakati ule hakuwatetea kwa sauti iliyosikika nje ya kambi. Huenda ndani alifanya zaidi. Namwonea huruma, lakini siwezi kulifunika jambo hilo, maana waliodhulumiwa ndio waliobeba masanduku yale kutoka Zambezi.

Mkataba wa Lancaster House, wa kumaliza vita, ulitiwa saini Desemba 1979, uchaguzi ukafanyika, ZANU ikashinda. Bendera ya Zimbabwe ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980. Siku tatu kabla, Teurai Ropa alikuwa ametimiza miaka 25. Mugabe alimteua Waziri wa Vijana, Michezo na Burudani, mdogo kuliko mawaziri wote. Wenzake mezani walikuwa na shahada zilizosomewa gerezani na Uingereza. Yeye alikuwa hajamaliza sekondari. Kwa hiyo alifanya uwaziri mchana na usiku akasoma, mama wa watoto wadogo, mke wa mwanajeshi ambaye muda si mrefu angekuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu. Akafanya mitihani ya sekondari akiwa waziri. Kwangu, katika yote aliyoyafanya baada ya vita, hakuna linalonigusa kuliko hili. Kuna ujasiri wa kusimama mbele ya helikopta, na kuna ujasiri wa waziri kukaa chumba cha mtihani na kukiri kwamba kuna vitu asivyovijua.

Baadaye alihamishiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii na wanawake, na ni katika kipindi hicho, mwaka 1982, Bunge lilipitisha sheria ya umri wa utu uzima. Msomaji kijana ataona ajabu kwamba ilihitajika. Hadi mwaka ule, mwanamke wa Kiafrika nchini Zimbabwe alikuwa mtoto mbele ya sheria ya kimila maisha yake yote. Awe na miaka 20 au 60, alikuwa chini ya baba, kisha mume, kisha mwanawe wa kiume, na hakuweza kuingia mkataba au kwenda mahakamani kwa jina lake. Sheria mpya ilisema kila aliyefikisha miaka 18 ni mtu mzima, basi. Akina baba walilalamika kwamba serikali imewanyang'anya mabinti na mahari yao. Makamanda wa kike walikuwa wametoka vitani wakiwa watoto kisheria, fikiri hilo.

Hata hivyo sheria ni kitu kimoja na barabara ni kitu kingine. Mwishoni mwa mwaka 1983 askari waliingia mitaani Harare na miji mingine wakakamata wanawake kwa maelfu, wakiwatuhumu kuwa makahaba kwa kosa la kutembea bila mwanamume. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu iliamua kwamba, kwa mila, mtoto wa kiume aliye mdogo anamtangulia dada yake mkubwa katika urithi wa baba, sheria ya 1982 iwepo au isiwepo. Na wapiganaji wa kike wengi waliporudi vijijini walikuta familia haziwataki kama wakwe. Walisemwa kuwa wameharibika huko porini, wamezoea kuua, hawatapika.

Miaka ya 1990 sitakaa nayo sana. Aliongoza mkoa wake wa nyumbani, Mashonaland ya Kati, kisha akarudi kwenye baraza la mawaziri akiwa na wizara ya habari, posta na simu. Huko alipambana na Strive Masiyiwa, mfanyabiashara aliyetaka leseni ya mtandao wa simu za mkononi. Masiyiwa alikuwa ameshinda mahakamani hoja kwamba ukiritimba wa serikali kwenye simu unavunja haki ya watu kuwasiliana. Wizara iliendelea kumwekea vikwazo hadi mwaka 1998 alipofungua Econet. Ilikuwa sura mbaya. Aliyekuwa amepigania watu wasikike sasa alikuwa amekaa mlangoni na ufunguo. Utajiri wa familia nao ulikua kwa kasi. Serikali ilipoanza kutwaa mashamba ya wazungu baada ya mwaka 2000, Solomon Mujuru alichukua Alamein, shamba kubwa la Beatrice, kusini ya Harare. Joice na mumewe waliingizwa kwenye orodha za vikwazo vya nchi za Magharibi.

Kisha likaja la 2004. Makamu wa Rais Simon Muzenda alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kiti chake kilikuwa njia ya kumrithi Mugabe, aliyekuwa na miaka 80. Emmerson Mnangagwa, mwanachama mwenzake aliyekitaka kiti hicho, alikuwa amekwisha kukusanya mikoa ya kutosha. Jumuiya ya Wanawake ya chama ikapitisha azimio: kati ya makamu wawili, mmoja awe mwanamke. Mugabe akalikubali. Kundi la Mnangagwa lilikutana Tsholotsho, mwezi Novemba, kupanga namna ya kulipindua. Habari zikavuja, wenyeviti sita wa mikoa wakasimamishwa, na Desemba 2004 Joice Mujuru akaapishwa kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Zimbabwe. Kwenye mkutano mkuu Mugabe aliwadokeza wajumbe kwamba aliyepandishwa hapo hakupandishwa abaki hapo milele.

Azimio lile lilikuwa la haki, na wanawake walilistahili tangu siku za masanduku ya risasi. Lakini ukilitazama kwa makini utaona mikono mingi ya wanaume chini yake. Solomon alilitaka ili kumzuia Mnangagwa. Mugabe alilitaka ili kumpunguza Mnangagwa bila kumpandisha mwanamume mwingine ambaye angemwogopa. Kila mmoja alikuwa na hesabu zake, na mwanamke aliwekwa kwenye kiti kama jiwe linavyowekwa mlangoni kuzuia upepo. Naamini Joice alilijua hilo. Alikaa kwenye kiti kwa miaka kumi bila kumpinga bosi wake hadharani hata mara moja.

Na miaka hiyo haikuwa myepesi kunyamazia. Mwaka 2005 serikali ilibomoa nyumba za maskini mijini. Machi 2008 kiongozi wa upinzani, Morgan Tsvangirai, alimpita Mugabe katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais, kwa asilimia 47.9 dhidi ya 43.2; kilichofuata kabla ya duru ya pili, mwezi Juni, kilikuwa vipigo, moto na mauaji vijijini, na mkoa wake, Mashonaland ya Kati, uliumia vibaya. Mfumuko wa bei ulifika mahali ambapo noti za matrilioni hazikutosha nauli. Makamu wa Rais alikuwepo. Wanaompenda husema alikuwa mpole, msikivu, mtu wa kanisa asiyeacha sare ya Jeshi la Wokovu, na kwamba alikuwa akisubiri. Mtu anayesubiri ndani ya nyumba inayoungua naye ana hesabu ya kutoa.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti 2011 nyumba ya Alamein iliungua kweli. Solomon Mujuru alikuwa ndani peke yake. Mwili wake ulipopatikana ulikuwa umeteketea kiasi kwamba jeneza halikufunguliwa. Alizikwa kwenye Makaburi ya Mashujaa, Harare, mbele ya umati mkubwa, chini ya sanamu ya shaba ya wapiganaji watatu ambao mmoja wao ni mwanamke. Uchunguzi wa mahakama mwaka uliofuata ulisema hapakuwa na mkono wa mtu. Familia haikuridhika, na mjane alilisema hilo waziwazi. Aliyekuwa anaweza kumwambia Mugabe hapana alikuwa ameondoka.

Tarehe 12 Septemba 2014 wanawake wawili walivishwa kofia za udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Aliyewavisha alikuwa mkuu wa chuo, Robert Mugabe. Mmoja alikuwa Makamu wake, ambaye miaka 34 kabla alikuwa waziri asiye na cheti cha sekondari. Mwingine alikuwa mkewe, Grace, ambaye shahada yake ilizua maswali mara moja kwa sababu alikuwa amejiandikisha miezi michache tu kabla. Mwezi uliofuata Grace alianza kuzunguka mikoani akihutubia mikutano ya hadhara, na karibu kila alipopanda jukwaani alimshambulia Joice: kwamba ni fisadi, ni mvivu, anapanga njama dhidi ya Rais, ajiuzulu. Magazeti ya serikali yaliendeleza pale alipoachia. Joice alikana tuhuma hizo zote, na hakuna aliloshitakiwa nalo mahakamani. Novemba alipoteza hata ujumbe wa Kamati Kuu, kiti alichokuwa nacho tangu Chimoio. Desemba, baada ya mkutano mkuu ambao hakuhudhuria, alifukuzwa umakamu. Nafasi yake ikachukuliwa na Mnangagwa.

Ni wakati huo kisa cha helikopta kilipokanwa. Kwa miaka 40 chama kilikuwa kimekisimulia kwa fahari. Sasa wakatokea watu wazima, waliokuwa wamekisikia na kukipigia makofi, kusema hakikutokea. Umakamu, uwaziri, ujumbe, hivyo walikuwa wamempa, na mwenye kutoa anaweza kuchukua. Lakini ile bunduki hawakuwa wamempa wao, ndiyo maana ilibidi waseme haikuwahi kufyatuliwa.

Aprili 2015 alifukuzwa na chama chenyewe. Mwaka uliofuata alizindua chama chake, Zimbabwe People First, akiwa na wazee wengine waliotimuliwa pamoja naye, kina Rugare Gumbo na Didymus Mutasa. Kwa miezi michache watu walikuja kumsikiliza. Walitaka kujua kama angeungana na Tsvangirai, na walitaka zaidi kujua angesema nini juu ya 2008. Majibu yake yalikuwa ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Februari 2017 chama kiligawanyika, akaondoka na kipande kilichoitwa National People's Party. Novemba mwaka huohuo Mugabe alimfukuza Mnangagwa pia, naye, tofauti na Joice, alikuwa na jeshi nyuma yake. Vifaru viliingia Harare, na tarehe 21 Mugabe akajiuzulu.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Julai 2018. Wagombea urais walikuwa 23, wanne kati yao wanawake. Mnangagwa alitangazwa mshindi kwa kura zilizozidi nusu kidogo. Joice Mujuru alipata kura 12,000 na ushei katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni tano. Kifungu kilichotaka makamu mmoja awe mwanamke kilikuwa kimeondolewa kwenye katiba ya chama Desemba 2014, wiki ileile alipoangushwa. Makamu wa Rais wapya walikuwa Jenerali Constantino Chiwenga, aliyeongoza jeshi lilipomwondoa Mugabe, na Kembo Mohadi.